Michael E. DeBakey

Michael Ellis DeBakey (Lake Charles, Louisiana, 7 Septemba 1908 – Houston, Texas, 11 Julai 2008) alikuwa daktari mpasuaji, mwalimu wa tiba na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa upasuaji wa kisasa wa mishipa ya damu. Alipoanza kazi, mshipa mkubwa ulioziba, kutanuka au kupasuka kwa kawaida ulimaanisha kukatwa mguu, kupooza au kufa. Alipofariki, madaktari wa nchi nyingi walikuwa wakiufungua, kuusafisha, kuushona au kuweka bomba la kitambaa mahali pake.

Alifundisha katika Chuo cha Tiba cha Baylor mjini Houston kuanzia mwaka 1948 hadi mwisho wa maisha yake. Inakadiriwa kwamba yeye na wasaidizi wake waliwapasua wagonjwa zaidi ya 60,000. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 97, aliokolewa na upasuaji ambao mwenyewe alikuwa ameuanzisha miaka 50 iliyotangulia.

## Maisha ya awali

DeBakey alizaliwa na wazazi Wakristo Wamaroni waliohamia Marekani kutoka Lebanon. Jina la ukoo lilikuwa Dabaghi, nalo baadaye likaandikwa DeBakey kufuatana na matamshi ya Kiingereza na Kifaransa cha Louisiana. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Mdogo wake Ernest alikuwa pia daktari mpasuaji, na dada zake Lois na Selma walikuwa maprofesa wa uandishi wa kitabibu.

Baba yake alikuwa na duka la dawa na mashamba ya mpunga. Mama yake alikuwa hodari wa ushonaji na aliwafundisha wasichana wa mtaani. Kijana Michael alijifunza kwake kushona kwa mkono na kwa cherehani, pamoja na kufuma. Mara nyingi alieleza kwamba ujuzi huo ulimsaidia baadaye katika kazi ya kuunganisha mishipa ya damu.

## Elimu

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans, akapata shahada ya kwanza mwaka 1930 na ya udaktari mwaka 1932. Akafanya mafunzo ya upasuaji katika Hospitali ya Charity ya mji huohuo, chini ya profesa Alton Ochsner.

Akiwa bado mwanafunzi alitengeneza pampu ya magurudumu. Katika pampu hiyo magurudumu madogo hukandamiza mpira wenye damu na kuisukuma mbele bila damu kugusa mashine. Wazo lenyewe lilikuwepo tangu karne ya 19. DeBakey aliliboresha ili litumike kumwongezea mgonjwa damu. Miaka ishirini baadaye pampu ya aina hiyo ilikuwa sehemu ya mashine ya moyo na mapafu ya John Gibbon. Mwezi Mei 1953 Gibbon alitumia mashine hiyo mjini Philadelphia katika upasuaji wa kwanza wa moyo wa aina hiyo uliofanikiwa.

Katika miaka ya 1935 na 1936 DeBakey alisoma Ulaya: mjini Strasbourg, Ufaransa, kwa René Leriche, aliyekuwa bingwa wa magonjwa ya ateri, na mjini Heidelberg, Ujerumani, kwa Martin Kirschner. Aliporudi alifundisha Tulane. Mwaka 1939 yeye na Ochsner waliandika kwamba kuongezeka kwa saratani ya mapafu kulielekea kuhusiana na uvutaji wa sigara. Wakati huo madaktari wengi walilidharau wazo hilo.

## Mishipa ya damu kabla ya DeBakey

Ateri ni mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi viungo vya mwili. Iliyo kubwa kuliko zote ni aorta, inayotoka moyoni, kupinda kifuani na kushuka hadi tumboni. Ikizibwa au kukatwa hata kwa muda mfupi, viungo vilivyo mbele yake hukosa oksijeni na kuanza kufa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mfaransa Alexis Carrel alionyesha jinsi ya kushona mishipa miwili kwa sindano nyembamba ili damu ipite bila kuvuja wala kuganda. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Hata hivyo mbinu yake haikutumika sana kwa wagonjwa. Dawa za kuzuia damu isigande zilikuwa hazijapatikana, damu ya kuongezea ilikuwa shida, na hapakuwa na kitu cha kudumu cha kuweka mahali pa sehemu iliyoharibika. Kwa hiyo wapasuaji wengi waliendelea kufanya jambo moja tu: kuufunga mshipa kwa uzi ili mgonjwa asife kwa kutokwa damu.

## Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Mwaka 1942 DeBakey alijiunga na jeshi la Marekani, akafanya kazi katika ofisi ya mganga mkuu wa jeshi. Alikuwa mmoja wa waliopendekeza vikundi vya wapasuaji vipelekwe karibu na mstari wa mapigano, badala ya majeruhi kusafirishwa mbali. Mpango huo ulichangia kuzaliwa kwa hospitali za upasuaji zinazohamishika, zilizojulikana sana wakati wa Vita vya Korea.

Mwaka 1946 yeye na Fiorindo Simeone walichapisha uchunguzi wa majeraha 2,471 ya ateri ya wanajeshi wa Marekani. Kati ya majeruhi ambao mshipa wao ulifungwa kwa uzi, karibu nusu walikatwa kiungo. Walioshonwa mshipa walikuwa 81 tu, na kati yao waliokatwa kiungo walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Waandishi hawakudai kwamba wapasuaji walikuwa wazembe. Walieleza kwamba majeruhi wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa kwa saa nyingi, hali ikiwa haimwachii daktari njia nyingine.

Uchunguzi huo ulionyesha kwamba kuokoa mguu kunategemea mambo mawili: muda na ujuzi wa kushona. Katika Vita vya Korea majeruhi walisafirishwa haraka zaidi, mara nyingi kwa helikopta, na wapasuaji walianza kuziunganisha ateri karibu na uwanja wa vita. Waliokatwa kiungo baada ya ateri kushonwa walipungua hadi takriban asilimia 13.

## Kuhamia Houston

Mwaka 1948 DeBakey aliitwa kuongoza idara ya upasuaji ya Baylor. Mwanzoni alikataa, kwa sababu chuo hakikuwa na hospitali ya kutosha ya kufundishia. Alikubali baada ya kuahidiwa kwamba hali hiyo ingebadilishwa. Mwaka 1951 alijiunga naye mpasuaji kijana aliyeitwa Denton Cooley, mwenye sifa ya wepesi wa mikono. Kwa miaka michache iliyofuata wawili hao walifanya pamoja upasuaji ambao haukuwahi kufanyika.

### Kutanuka kwa aorta

Ukuta wa aorta ukidhoofika, hutanuka kama mpira wa baiskeli mahali palipochakaa. Hali hiyo huitwa aneurisma. Ikipasuka, mgonjwa hutokwa damu ndani ya mwili na kwa kawaida hufa upesi. Kabla ya miaka ya 1950 tiba ilikuwa kuufunga uvimbe kwa karatasi ya selofani au kuingiza waya ndani yake. Mwanafizikia Albert Einstein alifungwa selofani mwaka 1948, na aneurisma hiyohiyo ilipasuka na kumwua mwezi Aprili 1955.

Mwezi Machi 1951 Charles Dubost wa Paris aliondoa aneurisma ya tumboni na kuweka kipande cha aorta ya marehemu. DeBakey na Cooley walifuata njia hiyo mwaka 1952, kisha mwaka 1953 wakaitumia kwa aorta ya kifuani, iliyo ngumu zaidi kufikiwa. Mwaka 1954 walifanikiwa kutibu mpasuko wa aorta. Katika ugonjwa huo ngozi ya ndani ya mshipa huchanika, na damu hupenya katikati ya tabaka za ukuta na kuzitenganisha.

### Bomba la Dacron

Aorta za marehemu zilikuwa adimu na ziliharibika baada ya muda. Mwaka 1952 Arthur Voorhees wa New York na wenzake walitangaza kwamba bomba la kitambaa linaweza kushika nafasi ya ateri. DeBakey alitafuta kitambaa bora zaidi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikwenda duka moja la Houston kununua nailoni, akaambiwa imekwisha. Muuzaji akampa kitambaa kipya cha poliesta kilichoitwa Dacron. DeBakey alikata vipande viwili, akavishona pamoja kwa cherehani ya mke wake vikawa bomba, akavijaribu kwa wanyama.

Dacron ilionyesha kustahimili mwilini kuliko vitambaa vingine. Tishu za mwili hukua juu ya nyuzi zake, na bomba haliozi. Baadaye DeBakey alishirikiana na wataalamu wa viwanda vya nguo kutengeneza mabomba yaliyofumwa bila mshono, yakiwa na mikunjo ili yasibonyee yanapopindwa. Yalianza kutumika kwa wagonjwa katikati ya miaka ya 1950. Mabomba ya aina hiyo bado yanatumika hadi leo.

### Ateri ya shingoni na ya moyo

Mwezi Agosti 1953 DeBakey alifungua ateri ya shingoni ya mwanamume aliyekuwa akipatwa na dalili za kiharusi, akaondoa mafuta yaliyoganda ndani yake na kuishona tena. Mgonjwa aliishi miaka 19 zaidi. Hata hivyo DeBakey hakuchapisha habari hizo mara moja. Upasuaji uliofanywa London mwaka 1954 na kikundi cha Felix Eastcott ulitangazwa kwanza, nao ndio uliowashawishi madaktari wengi kwamba kiharusi kinaweza kuzuiwa kwa njia ya upasuaji.

Hali kama hiyo ilitokea mwezi Novemba 1964. DeBakey na wenzake, akiwemo Edward Garrett, walishindwa kusafisha ateri ya moyo kama walivyopanga. Wakachukua mshipa wa mguuni wa mgonjwa huyo na kuushona ili damu ipite pembeni ya mahali palipoziba. Ulikuwa kati ya upasuaji wa kwanza uliofanikiwa wa aina hiyo, lakini taarifa yake ilichapishwa mwaka 1973. Kufikia wakati huo René Favaloro, Mwargentina aliyefanya kazi Cleveland, alikuwa ameshaueneza upasuaji huo duniani.

## Namna ya kufanya kazi

DeBakey aliamka kabla ya mapambazuko, akaandika makala, kisha akaenda hospitali. Kwa kawaida vyumba kadhaa vya upasuaji vilifanya kazi kwa wakati mmoja. Wasaidizi walimfungua mgonjwa, DeBakey akafanya sehemu ngumu zaidi, akahamia chumba cha pili huku wasaidizi wakimalizia. Mpango huo uliwezesha wagonjwa wengi kutibiwa na madaktari wengi kufunzwa.

Alikuwa mkali sana kwa wanafunzi wake. Kosa dogo lingeweza kumfanya msaidizi afukuzwe chumbani. Wengi walimwogopa, lakini wagonjwa walimwona mpole na mwenye subira. Wanafunzi wake waliongoza idara za upasuaji katika nchi mbalimbali.

Wagonjwa wake walikuwa watu wa kila hali. Mwaka 1964 alimpasua Edward, Mtawala wa Windsor, aliyewahi kuwa mfalme wa Uingereza, kwa sababu ya aneurisma ya tumboni. Mwaka 1980 alimwondoa Shah wa Iran wengu mjini Kairo. Mwaka 1996 aliitwa Moscow kutoa ushauri kuhusu Rais Boris Yeltsin, ambaye alipasuliwa moyo na mpasuaji Mrusi, Renat Akchurin.

## Moyo wa bandia na ugomvi na Cooley

Katika miaka ya 1960 DeBakey aligeukia tatizo la moyo ulioshindwa kusukuma damu. Mwaka 1966 aliweka pampu ya kusaidia upande wa kushoto wa moyo kwa mwanamke ambaye moyo wake haukuweza kufanya kazi baada ya upasuaji. Pampu ilitumika kwa siku 10, ikaondolewa, na mgonjwa akapona.

Maabara yake iliendelea pia kujaribu moyo kamili wa bandia kwa ndama. Tarehe 4 Aprili 1969, DeBakey akiwa safarini Washington, Cooley aliweka moyo wa bandia ndani ya binadamu kwa mara ya kwanza. Kifaa hicho kilitengenezwa kwa msaada wa Domingo Liotta, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya DeBakey. Mgonjwa aliishi nacho takriban siku tatu, akapandikizwa moyo wa mtu aliyefariki, kisha akafa muda mfupi baadaye.

DeBakey aliona kwamba kazi ya maabara yake ilichukuliwa bila ruhusa, na kwamba kifaa hakikuwa tayari kutumika kwa binadamu. Cooley alijitetea kwamba mgonjwa alikuwa anakufa na hapakuwa na njia nyingine ya kumwokoa. Cooley alionywa rasmi na chama cha wapasuaji wa Marekani, akaondoka Baylor. Mabingwa hao walifanya kazi katika hospitali za jirani, lakini kwa karibu miaka 40 hawakuwa na maelewano. Walipatana mwaka 2007.

Baadaye DeBakey alishirikiana na wahandisi wa NASA, mmoja wao akiwa mgonjwa wake aliyepandikizwa moyo. Walitengeneza pampu ndogo ya moyo iliyotumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza huko Ulaya mwaka 1998.

## Huduma kwa umma

Mwaka 1964 DeBakey aliongoza tume ya Rais Lyndon Johnson kuhusu magonjwa ya moyo, saratani na kiharusi. Alikuwa pia mmoja wa watetezi wakuu wa kuanzishwa kwa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyopewa sheria yake mwaka 1956. Maktaba hiyo ndiyo inayoendesha orodha kubwa ya makala za tiba inayotumiwa na wanafunzi na madaktari duniani kupitia intaneti. Alikuwa rais wa Chuo cha Tiba cha Baylor miaka 1969–1979 na mkuu wake hadi 1996.

## Kupasuliwa kwake mwenyewe

Tarehe 31 Desemba 2005 DeBakey alikuwa nyumbani alipopatwa na maumivu makali ya ghafla kifuani na shingoni. Alitambua kwamba aorta yake ilikuwa imepasuka kwa ndani. Mwaka 1965 alikuwa ameugawa ugonjwa huo katika aina tatu kulingana na mahali mpasuko unapoanzia na unapofikia. Wake mwenyewe ulikuwa wa aina ya pili, ulioishia katika sehemu ya aorta inayopanda kutoka moyoni.

Alikataa kupasuliwa. Alijua hatari ya upasuaji huo kwa mtu wa miaka 97, na aliogopa kubaki hai akiwa amepooza au kupoteza akili. Mwezi Januari 2006 alilazwa Hospitali ya Methodist, alimofanya kazi kwa miongo mingi. Aorta ilizidi kutanuka na hali yake ikazorota. Mwezi Februari alipoteza fahamu.

Hapo likazuka swali gumu. Katika rekodi za hospitali palikuwa na maelezo kwamba hakutaka kupasuliwa wala kurudishiwa uhai moyo ukisimama. Mkewe Katrin na mpasuaji George Noon, mshirika wake wa miaka mingi, walitaka ajaribiwe kuokolewa. Madaktari wa usingizi wa hospitali hiyo walikataa kushiriki, wakiona kwamba kufanya hivyo kungekiuka matakwa yake na kwamba huenda angefia mezani. Kamati ya maadili ilikutana usiku. Mkewe aliingia katika kikao na kusisitiza kwamba muda unapotea. Kamati ilikubali, na daktari wa usingizi kutoka hospitali nyingine alikuja kusaidia.

Noon alikata sehemu iliyoharibika na kuweka bomba la Dacron. Upasuaji ulichukua takriban saa saba. Matatizo yaliyofuata yalikuwa makubwa: mgonjwa alihitaji mashine ya kupumulia na ya kusafisha damu, na gharama zilizidi dola milioni moja. Aliruhusiwa kwenda nyumbani mwezi Septemba, akarudi kazini akitumia kiti cha magurudumu chenye injini. Alihesabiwa kuwa mgonjwa mzee kuliko wote aliyepona upasuaji huo.

Alipoulizwa baadaye, DeBakey alisema kwamba madaktari walifanya sawa na kwamba alifurahi kuwa hai. Lakini kupona kwake hakukumaliza mjadala. Waliokubaliana na upasuaji husema kwamba mgonjwa anaweza kubadili nia na kwamba familia yake ilimjua vizuri zaidi. Waliopinga husema kwamba matakwa ya mgonjwa yanapaswa kuheshimiwa kabla matokeo hayajajulikana, na kwamba mgonjwa wa kawaida asiye na jina kubwa asingepewa nafasi kama ile. Kisa hicho bado hujadiliwa katika masomo ya maadili ya tiba.

## Familia na kifo

DeBakey alimwoa Diana Cooper, wakapata wana wanne. Diana alifariki mwaka 1972. Mwaka 1975 alimwoa Katrin Fehlhaber, mwigizaji kutoka Ujerumani, wakapata binti mmoja.

Alifariki mjini Houston tarehe 11 Julai 2008, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 100. Alizikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington.

## Tuzo na urithi

Alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 1963, Nishani ya Uhuru ya Rais mwaka 1969, Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1987 na Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani mwezi Aprili 2008.

Jina lake hutajwa kila siku katika vyumba vya upasuaji. Koleo la DeBakey, lenye safu za meno madogo yanayoshika mshipa bila kuuchubua, ni kifaa cha kawaida cha wapasuaji wa fani mbalimbali, hata wasioshughulika na moyo. Vipo pia vibanio vya DeBakey vya kusimamisha damu kwa muda. Mgawanyo wake wa mpasuko wa aorta katika aina tatu bado unafundishwa, pamoja na mgawanyo wa Stanford uliotolewa mwaka 1970.

Tangu miaka ya 1990 aneurisma nyingi hutibiwa bila kufungua tumbo: bomba lililokunjwa hupitishwa ndani ya mshipa kutoka kwenye kinena na kufunguliwa mahali panapohitajika. Njia hiyo, iliyoanzishwa na Juan Parodi wa Argentina na Nikolai Volodos wa Ukraine, imepunguza upasuaji mkubwa wa aina aliyoufanya DeBakey. Hata hivyo mabomba mengi ya njia hiyo mpya bado hufunikwa kwa kitambaa cha poliesta.